Tairi mpya, tyubu za zamani: inafaa?

SWALI: Naweka tairi mpya mbili kwenye baiskeli yangu ya Phoenix, fundi wa mtaani anasema lazima ninunue na tyubu wakati zile za zamani bado zinashika upepo. Au anataka kunipiga?

JIBU: Sio lazima ndugu yangu, ila zikague kwanza. Jaza upepo, zamisha kwenye beseni la maji, halafu pinda pale valvu inapotokea kwenye mpira, ukiona nyufa tupa tu maana pale kiraka hakishiki. Tyubu iliyotanuka sana nayo usiirudishe, ndani ya tairi mpya inajikunja na kwenye mkunjo ndo inakatika. Saizi soma ubavuni mwa tairi, mfano 28 x 1½. Na pitisha kitambaa ndani ya ringi uone kama kinanasa, ncha ya spoki ikichomoza hata tyubu mpya haidumu.