Barua kwa Mwanangu: Shilingi Zilizotupwa Chini

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Barua yako nimeisoma mara mbili hapa barazani. Waniuliza kama Amitabh Bachchan, nyota wa filamu za Kihindi aliyecheza mnyonge mwenye hasira, alikuwa kweli mtu wa wanyonge, au siku zote alikuwa rafiki wa watawala na sisi ndio tuliodanganyika.

Kudanganyika hatukudanganyika. Filamu yake Deewaar, ile ya 1975, ilipofika Mombasa, sisi makuli wa Kilindini tuliiona ni yetu: Vijay, anayechezwa na Bachchan, ni kuli wa bandari ya Bombay, beji yake ina nambari 786, ile ya Bismillahi, na anawatwanga wahuni wanaowatoza makuli wenzake ujira wao. Lakini kilichonichoma mimi ni utoto wake, anapong'arisha viatu, tajiri akamtupia malipo chini, naye akakataa kuyaokota mpaka apewe mkononi. Usiku ule nilirudi Majengo kwa miguu, nimenyooka kama mlingoti, na kulipokucha nikaichora 786 kwa msumari kwenye mpini wa kulabu yangu.

Wiki ya pili yake, tulipomdai serangi, msimamizi wetu, malipo ya saa za ziada kwa meli ya mbolea, alizitupa shilingi sakafuni mwa ghala, mbele ya genge zima, akasema anayetaka aokote. Mamako alikuwa na mimba yako ya miezi saba. Niliinama, mwanangu. Shilingi moja iliviringika ikaingia kati ya magunia, nikaifuata kwa magoti. Mamako aliliona vumbi kwenye suruali, akadhani nimeanguka, nami nikamwacha adhani hivyo.

Nimekwambia tangu udogo wako: mtu humjui mpaka umwone anavyopokea. Basi mtazame huyo Bachchan. Indira Gandhi, waziri mkuu wa India aliyetangaza hali ya hatari mwaka uleule wa Deewaar, akawafunga wapinzani na kuyabana magazeti, alikuwa rafiki wa nyumba ya kina Bachchan. Alipouawa 1984, mwanawe Rajiv, aliyekua pamoja na Amitabh, alimsimamisha Amitabh agombee ubunge Allahabad, mji aliozaliwa, na Desemba hiyo Amitabh akamshinda Bahuguna, mkongwe wa siasa, kwa zaidi ya kura 187,000. Hakuimaliza hata miaka mitatu: 1987, kashfa ya Bofors, ile ya rushwa katika ununuzi wa mizinga ya Uswidi, ilipomgusa yeye na nduguye, akajiuzulu ubunge. Mwaka 2012 mpelelezi wa Uswidi, Sten Lindström, alisema hakuona ushahidi wowote dhidi yao.

Hapo nilikuwa tayari kukuandikia kwamba yeye alikiacha kilichotupwa chini, nami nilikiokota, na mambo yaishe. Lakini hapana. Mbona baadaye aliisifu kwenye matangazo Uttar Pradesh, jimbo lililokuwa chini ya Mulayam Singh Yadav, na mkewe akaingia bungeni kwa chama cha Mulayam huyohuyo, kisha kuanzia 2010 akawa anatangaza utalii wa Gujarat, jimbo lililokuwa chini ya Narendra Modi? Hao ni watu wa kambi mbili zisizopikika chungu kimoja! Wewe utasema ni kazi tu, mwigizaji hulipwa aseme. Sawa, lakini serangi naye alikuwa kazini. Tena nikisema hivyo najiona mwonevu, kwa sababu aliyeinama bila kulazimishwa na njaa ni mmoja, na aliyeinama kwa njaa ni mwingine, na mimi nikijihesabu upande wa njaa, nani ataniuliza kuhusu ile shilingi moja ya kati ya magunia, ambayo ningeweza kuiacha?

Neno msaliti limenikaa ulimini tangu nianze kuandika, na mkono wakataa kuliandika. Mtu humjui mpaka umwone anavyopokea, nami yeye nimemwona kwenye magazeti tu.

Kulabu ningali nayo, nyuma ya mlango wa jikoni. Ukija Idi uniulize tena, ila si mbele ya mamako, na barua hii usimsomee.

Ni mimi babako