Furaha niliyoipata hoteli zilipofungwa

Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, hoteli niliyokuwa nikitandika vitanda hapa Malindi iliturudisha nyumbani karibu sote. Mnaujua mji wetu. Mwitaliano asipokuja, njaa inamfika dereva wa tuktuk, mchonga vinyago na mama wa samaki. Aprili ikaingia na kusi yake, bahari ikachafuka, hata kitoweo kikawa taabu kupatikana.

Kanisa nalo lilikuwa limefungwa. Kafyu ikianza saa moja jioni, nilibaki na sala moja tu: Bwana, nirudishie kazi. Nikimaliza, moyo ulikuwa mzito kuliko nilipoanza.

Mama mmoja wa jumuiya yetu akanipigia simu, akaniambia nisome Habakuki sura ya 3, mistari ya mwisho. Nabii anahesabu hasara moja baada ya nyingine: mtini hauna maua, mashamba hayana chakula, zizi halina kundi. Kisha anasema atamfurahia Bwana vivyo hivyo. "Sasa mwanangu," akasema, "andika ya kwako."

Nikachukua daftari la madeni, nyuma yake nikaandika: Ijapokuwa hoteli imefungwa, na kodi ya miezi miwili haijalipwa, na unga umebaki kibaba kimoja, na mtoto ananiuliza shule itafunguliwa lini. Nikakwama hapo. Mstari wa mwisho haukuja. Yaliyokuja ni machozi, nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Siku ya tatu ndipo nilipoandika: nitamfurahia Bwana.

Unga haukuongezeka. Nalisema hili kwa sababu shuhuda zetu kanisani mara nyingi ni za miujiza, na mwenye sufuria tupu anarudi nyumbani akidhani imani yake ni haba. Mimi niliacha tu kuingoja kazi ndipo nishukuru. Nikaanza kuimba nikifagia uwanja alfajiri. Mwezi ule wa Ramadhani jirani yangu Mwislamu akaniletea bakuli la mihogo ya nazi. Zamani ningeona haya. Siku hiyo niliipokea kwa mikono miwili, nikajua nimekumbukwa.

Ndugu yangu uliye katika dhiki, usijilazimishe kucheka. Paulo aliwahimiza Wafilipi wafurahi siku zote naye yumo kifungoni, na minyororo yake hakuwaficha. Mtajie Mungu hasara zako kwa majina yake, kodi iwe kodi, msiba uwe msiba. Mstari wa mwisho ukikataa, uache wazi, urudi kesho. Tena usiubebe peke yako. Mimi nisingefika popote bila ile simu.

Julai makanisa yakafunguliwa, watu 100 kwa saa moja. Nilitoka Maweni kwa miguu mapema nisikose nafasi. Kazi sikuwa nayo bado, na deni la dukani lilikuwa limepanda. Niliimba mpaka barakoa ikalowa.