Usitie sahihi maelezo ambayo hujasomewa

Hapa Arusha wakalimani hatukosi kazi, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu zote ziko mjini. Mikutano ndiyo inayolipa vizuri. Mahojiano ya waomba hifadhi ya ukimbizi, ambayo malipo yake ni madogo, ndiyo yanayohitaji umakini zaidi, kwa sababu kosa la mkutanoni husahihishwa palepale, ilhali kosa la kwenye mahojiano huingia katika jalada ambalo kamati ya taifa iliyoundwa chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 italitegemea kupima ombi zima.

Kwa hiyo, ndugu mwombaji, dai kusomewa maelezo yako yote, kwa lugha unayoielewa, kabla ya kutia sahihi. Mama mmoja kutoka Burundi aliletwa kwangu nimsomee maelezo aliyoyatoa kupitia mkalimani mwingine. Kwenye ukurasa wa pili akanizuia: ilikuwa imeandikwa kwamba alikimbia, kisha mumewe akakamatwa, wakati yeye alikimbia kwa sababu mumewe alikuwa amekwisha kukamatwa. Mpangilio huo ulifuta sababu yake ya kuogopa, na angeeleza ukweli katika mahojiano ya pili, angeonekana anajipinga. Afisa aliyemhoji alirekebisha bila ubishi, na yeye na mama huyo wakaweka sahihi zao pembeni ya marekebisho.

Tarehe usizibuni. Kama huikumbuki, sema hivyo, kisha taja unachokikumbuka, kwa mfano msimu wa mavuno au mtoto alikuwa darasa la ngapi. (Wapo pia wanaouza hadithi zilizotungwa; afisa mzoefu amekwisha kuzisikia mara nyingi.) Mkalimani akiwa mtu unayemhofia, au akifupisha jibu lako refu kuwa sentensi moja, mweleze afisa mapema, kwa sababu malalamiko yanayotolewa baada ya ombi kukataliwa hutiliwa shaka. Mwanamke anayepaswa kueleza ukatili wa kingono aombe kuhojiwa na mwanamke.

Afisa naye ana wajibu. Mwongozo wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, wa mwaka 1979 unasema kuwa kazi ya kubaini na kutathmini ukweli ni ya mwombaji na mhoji kwa pamoja, hivyo mhoji anayeona mkanganyiko anapaswa kumuuliza mwombaji, si kuuandika kimyakimya na kuutumia kumkatalia. Akikataa kukusomea na bado akataka sahihi, omba iandikwe juu ya sahihi hiyo kwamba hukusomewa, pamoja na tarehe.