Kuonja majani ya chai nyumbani: Tukuyu, Mufindi, Njombe, na kwa nini siiamini rangi

Mkuu mleta mada, nimelisoma swali lako mpaka mwisho. Uko Iringa, umenunua majani ya Tukuyu, ya Mufindi, ya Njombe yale yaliyosokotwa, na paketi moja ya chai ya kijani. Yote umeyachemsha kwenye sufuria kwa mtindo mmoja. Majibu yako: ya Tukuyu "ina rangi", ya Mufindi "ina rangi kiasi", ya Njombe "haina rangi kabisa, nimeibiwa", na ya kijani "shubiri tupu". Unauliza wanaodai chai zinatofautiana wanatumia ulimi gani. Mimi nipo Uyole, Mbeya, ujombani kwangu ni Rungwe, wilaya ulipo mji wa Tukuyu, na pombe situmii, kwa hiyo starehe yangu ni vikombe. Nitaandika kwa kirefu, mwenye haraka ashuke chini.

Hukuibiwa. Ulichopima ni rangi, na kwenye chai rangi ndiyo shahidi mwongo kuliko wote. Najua tumelelewa hivyo. Mama mkwe wangu akimiminiwa kikombe hukiinua kwanza kwenye mwanga wa dirisha, hata hajanusa, na akiona kitako cha kikombe anauliza kama majani yameadimika dukani. Sasa fanya hivi leo jioni. Pika chai ya rangi ya kawaida, gawa vikombe vitatu. Cha kwanza kiache. Cha pili kamulia limau matone kadhaa: wekundu unafifia hapo hapo, unabaki na njano ya dhahabu. Cha tatu tia chembe ya magadi: inakolea mpaka inakaribia weusi. Majani ni yale yale na nguvu ni ile ile, umebadilisha uchachu wa maji tu. Halafu onja hicho cheusi uone ladha ilivyokufa, ingawa kwa macho ndicho kinachoonekana kikali.

Kiwandani pia rangi ina hadithi yake. Jani likishasagwa linaachwa lipate hewa, na hapo ndipo vinazaliwa vitu viwili: theaflavini, inayoleta mng'ao na ule uchangamfu mdomoni, na thearubijini, inayoleta wekundu mzito. Jani likikaa kwenye hewa kupita kiasi, theaflavini inapungua huku thearubijini ikizidi. Unapata chai nyekundu iliyopooza. Wengi wetu tumeinywa miaka yote tukiisifia.

Jambo jingine ni ukubwa wa chembe. Majani mengi ya dukani kwetu ni ya CTC, mashine iliyobuniwa India miaka ya 1930 ambayo inasaga, inachana na kuviringisha jani mpaka linakuwa punje. Punje hizo hupitishwa kwenye chekecheo na kupewa majina kwa ukubwa: BP1 ni kubwa, PF1 inafuata, halafu PD, na mwisho vumbi. Hayo ni madaraja ya ukubwa, hayakwambii chai ipi ni tamu. Vumbi linatoa rangi ndani ya dakika moja kwa sababu maji yanalifikia pande zote. Jani refu la Njombe lililosokotwa bila kusagwa linajifungua taratibu na haliwezi kushindana nalo kwa kasi. Ukiyapa muda sawa kwenye sufuria moja, unapima mbio za kutoa rangi na si kitu kingine.

Sasa ninavyoonja mimi. Kiwango cha kimataifa cha kuandaa chai ya kuonja, ISO 3103, kinasema gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, chombo kimefunikwa. Lengo lake si kukupa chai tamu, ni kila chai ipate adhabu sawa. Kwa hiyo kijiko weka pembeni. Kijiko cha punje za CTC kina uzito mkubwa kuliko kijiko cha majani yaliyosokotwa, maana haya yana nafasi kubwa za hewa katikati. Tafuta mizani midogo ya betri, ile ya gramu na pointi, wanayotumia wanunuzi wa dhahabu wa Chunya. Bei yake si ya kutisha. Vikombe viwe vya ukubwa mmoja na vyeupe ndani, visosi vya kufunikia, na chujio safi ambalo halijawahi kukutana na tangawizi.

Maji ndiyo yanayosahaulika huku nyanda za juu. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi na hayafiki 100 hata uyatishie. Iringa mjini mko chini yetu kidogo, nyie mnapata kama 95. Julai ukimimina maji hayo kwenye kikombe kilicholala kwenye kabati la baridi, yanapoteza nyuzi nyingine kabla majani hayajalowa vizuri. Ndiyo maana mgeni kutoka Dar anakunywa majani yale yale aliyozoea anasema chai ya huku nyepesi. Dawa yake ndogo: suuza kikombe kwa maji ya moto kwanza, mimina maji yakiwa bado yanatokota, funika, na kwa chai nyeusi ongeza dakika moja. Na ukiona birika lako lina ukoko mweupe ndani, maji yako ni magumu. Yataweka utando juu ya chai na kuifanya ionekane chafu. Jaribu maji mengine kabla hujayalaumu majani.

Kuonja kwenyewe hakuhitaji cheti. Sukari na maziwa vikae mbali mzunguko wa kwanza. Nusa majani makavu, kisha chuja, nusa majani yaliyolowa yakiwa bado na mvuke. Hapa ndipo chai inaposema ukweli wake. Chai nzuri ya huku ikilowa inanukia mbichi na tamu, wakati mwingine kama maua. Mbaya inanukia kiroba kilicholoa, majani makavu ya mifugo au moshi. Angalia pia rangi ya majani yenyewe baada ya kuchuja, ndiyo rangi pekee ninayoijali: nayataka ya shaba inayong'aa. Yakiwa ya kahawia iliyokufa au meusi, kuna kitu kiliharibika njiani. Halafu vuta funda kwa kijiko kwa nguvu, kwa kelele, chai itawanyike mdomo mzima na harufu ipande puani. Waonjaji wa viwandani ndivyo wanavyofanya siku nzima. Nyumbani kwangu watoto walicheka wiki ya kwanza, sasa wananiiga.

Ulimini tenganisha vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Ukakasi ni ule mkazo wa kwenye fizi na mashavu, kama umeng'ata ndizi mbichi. Uchungu unakaa nyuma ya ulimi na haubanduki. Chai nyeusi ya maana ina ukakasi unaokuja haraka, unakamata, unaondoka na kuacha mate. Uchungu unaong'ang'ania ni dalili ya majani makongwe yaliyochumwa na vikonyo, au wewe umeyaloweka kupita muda.

Kwa vipimo hivyo, haya ndiyo maoni yangu kwa chai ulizotaja, na ulimi ni wangu.

Ya Tukuyu. Nina upendeleo, nakiri mapema, ila nimewahi kuonjesha wageni bila kuwaambia kikombe kipi ni kipi na wengi walishika hicho hicho. Punje za Rungwe zikiwa mpya zina mwili mzito, yaani uzito wa chai mdomoni, na ukakasi ulionyooka, na ndizo pekee kati ya nilizo nazo ambazo maziwa hayazimezi. Ubaya ni kwamba hazitabiriki. Paketi ya mwezi huu inakuchangamsha, ya mwezi ujao inanyamaza. Sababu nyingi ziko shambani. Wakulima wengi ni wadogo, mjomba wangu mmojawapo, wanachuma majani mawili na chipukizi, wanabeba mpaka kwenye banda la kupimia na kusubiri gari. Jani lililochumwa linapumua na kutoa joto. Likishindiliwa kwenye kiroba, au gari likikwama kwenye tope la Machi, linaanza kuwa jekundu kabla halijaona mashine. Mjomba anaingiza mkono mpaka katikati ya mzigo, akikuta vuguvugu anaumwaga wote chini na kuutandaza. Jirani yake haumwagi. Kiwandani mizigo yote miwili inaingia kwenye chai moja. Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, kwa heshima, watakwambia chai ya nchi hii ilianzia kwao: ni kweli Wajerumani waliipanda Kyimbila, huko huko Rungwe, mwanzoni mwa miaka ya 1900, ila Amani kule Usambara nako waliijaribu wakati huo huo, na kilimo cha biashara kilikuja baadaye, miaka ya 1920. Mjadala huo tuuache.

Ya Mufindi ni nyepesi kidogo mwilini na inang'aa zaidi. Huko kuna mashamba makubwa, kiwanda kiko karibu na jani halisafiri mbali, nadhani ndiyo maana nikifungua paketi mbili za miezi tofauti zinafanana. Kwa chai ya rangi bila maziwa naichagua hii. Kwa maziwa inapotea, labda uzidishe majani.

Jaribio jingine la bure: mimina nusu kikombe cha Tukuyu, na kwenye kikombe kingine nusu ya Mufindi, viache dirishani vipoe kabisa. Chai yenye nguvu ikipoa inavurugika, inaweka ukungu kama imetiwa tone la maziwa. Watu huimwaga wakidhani maji machafu. Ukungu huo ni kafeini na theaflavini zikishikana kwenye baridi, na ukipasha moto unatoweka. Kikombe kinachobaki angavu bila ukungu mpaka asubuhi ndicho cha kutilia shaka.

Ya Njombe iliyosokotwa, hiyo unayodai umeibiwa, ndiyo iliyonigharimu uvumilivu. Viwandani mtindo huo unaitwa othodoksi: jani linanyaushwa, linasokotwa taratibu bila kusagwa, linaachwa lipate hewa, linakaushwa. Shamba la Luponde kule Njombe wanajulikana kwa chai za namna hii za kilimo hai. Usiichemshe kamwe. Gramu 2 kwa mililita 100, maji yaliyotoka kutokota, dakika 4, chuja. Utapata rangi ya asali nyepesi na harufu ambayo punje haziwezi kukupa. Mimi napata tunda lililokauka na kwa mbali maua. Usiyatupe majani hayo: yamwagie maji tena, dakika 5 au 6, kikombe cha pili kinakuja kitamu kuliko cha kwanza kwa sababu ukakasi umeshatangulia kutoka. Maziwa hapana, ni kuharibu hela.

Ya kijani haikukosea, sufuria ndiyo iliyoitesa. Jani lake linapigwa joto mapema, kwa mvuke au kwenye kikaango, ili lisigeuke jeusi, na maji yanayotokota yanalikamua uchungu wote kwa mkupuo. Linataka nyuzi 75 mpaka 80. Kipimajoto si lazima: huku kwetu vikombe vitatu vya maji yanayotokota ukichanganya na kimoja cha maji safi ya kunywa ya baridi ya kawaida, unaangukia kwenye 75. Dakika 2 zinatosha. Ikibaki shubiri hata hapo, basi ni kongwe.

Kuna mdau juu ameuliza chai ya zambarau ya Kenya. Nimeionja, kikombe ni cha rangi hafifu, kina ukakasi mkali, harufu kidogo. Kinachofurahisha ni limau: ukilikamulia inageuka waridi. Watoto wataipenda, mimi sijairudia. Na mchaichai na choya ni vinywaji vizuri ila havitokani na mti wa chai, usivipange meza moja.

Kuhusu kununua: soma tarehe ya kufungashwa kabla ya bei. Chai inatoka kiwandani ikiwa na unyevu wa karibu asilimia 3 tu, na kuanzia hapo inavuta kila kinachoizunguka. Duka la mtaani linaloipanga kati ya sabuni ya unga na dagaa linakuuzia vyote vitatu. Chukua paketi kutoka nyuma ya rafu, ibonyeze unuse pumzi inayotoka. Paketi nyingi ni mchanganyiko wa viwanda tofauti, kwa hiyo ukitaka kujua eneo fulani tafuta iliyoandikwa shamba au kiwanda chake. Majani ya miezi ya baridi, Juni mpaka Agosti, ni machache maana mti unakua polepole, ila kwangu ndiyo yenye harufu. Ukifika nyumbani hamishia kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, mbali na jiko na mbali na kabati la viungo.

Paketi ikishapoteza harufu usiitupe. Ichemshe kwa maziwa, tangawizi na iliki, sukari ya kutosha, tia kwenye chupa. Asubuhi ya baridi na magimbi ya moto pembeni hakuna atakayeuliza imetoka shamba gani.