Sahani ya binti iko mikononi mwa nani?

SWALI: Daktari, binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya bweni. Amerudi likizo amekonda hadi sketi inamvuka. Anasema ni vidonda vya tumbo, lakini dawa hazijasaidia. Ugali anauficha kwenye tishu. Hedhi imekatika miezi minne. Kumlaza hospitali siwezi kumudu. Nifanye nini nyumbani? – Mama, Kayole

JIBU: Mama, pole sana. Dalili hizi zinafanana na anoreksia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu aogope chakula na unene hata akiwa mifupa mitupu. Si kiburi, si mapepo, wala si malezi yako. Wengi hutibiwa wakilala kwao, ila safari huanzia kliniki, si jikoni.

Wiki hii mpeleke kwa tabibu. Omba apimwe uzito na urefu, presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, mapigo ya moyo, sukari, na damu iangaliwe madini ya potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Kukonda kuna sababu nyingi, kwa hiyo kifua kikuu, VVU, kisukari na tezi ya shingo vichunguzwe pia. Majibu hayo yatanyamazisha minong'ono ya ploti.

Kama anazimia, mapigo yako chini ya 50 kwa dakika akiwa macho, au amekaa zaidi ya siku 5 bila kula chochote cha maana, usimjazie sahani nyumbani. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi ghafla, insulini, homoni inayoshusha sukari, hupanda na kuvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, na moyo unaweza kusimama. Siku hizo za kwanza huhitaji hospitali, damu ikipimwa kila mara. Hapo, Mama, gharama isikuzuie. Omba kuonana na ofisa wa ustawi wa jamii wa hospitali.

Daktari akiruhusu, basi sahani ni yako. Njia hii, ambapo wazazi hushika hatamu za chakula, ilianzia Hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa siku, saa zilezile. Wewe ndiye unayepakua. Yeye hachagui wala haingii jikoni kupika kwa sasa. Uji wa wimbi upikwe kwa maziwa na kijiko cha siagi ya njugu, si kwa maji matupu. Ndengu kwa chapati, parachichi pembeni. Chakula chenye nguvu nyingi kwa kiasi kidogo humfaa kuliko mlima wa sukuma, kwa sababu tumbo lake hujaa upesi, huuma na hugoma. Maumivu hayo huenda ndiyo anayoyaita vidonda.

Kaa naye mezani hadi amalize, kisha saa nzima baadaye bila kwenda choo peke yake. Atalia, atakutukana. Usibishane kuhusu unene. Sema: “Najua ni ngumu. Kijiko kingine. Niko hapa.” Rudia hivyo hivyo hata mara ishirini. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya haja ndogo, akiwa na leso tu, maana wengi hunywa maji au huficha sarafu ili mizani idanganye. Lengo ni kama nusu kilo kwa wiki. Ikipita wiki mbili bila kupanda, rudi kliniki.

Waonye shangazi na majirani mapema: “Umenona!” ni sifa kwetu, lakini kwake ni kisu. Wamwulize habari za masomo. Muhula ujao afadhali asome akitoka nyumbani, bila michezo, hadi daktari atakaporidhika. Uzito ukirudi, mwachie chakula kimoja kimoja, ukianza na kitafunio cha saa kumi. Kazi yote huchukua takriban mwaka, hivyo pangeni zamu na baba au dada yake mkubwa. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwenu anaweza kuja kumpima. Kwa ushauri wa akili, omba rufaa ya Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Laini ya Msalaba Mwekundu, 1199, haina malipo.

SWALI: Nakula sana usiku, kisha najitapisha. Nimezoea kukaa siku nzima bila kula ili nifidie. – Mwanafunzi, Ngara

JIBU: Huo mfungo wa mchana ndio unaozaa ulafi wa usiku. Kula kila baada ya saa 3 au 4, hata kama ulitapika jana. Kitabu cha kuandika ulichokula na ulichohisi kitakuonyesha saa zako za hatari. Kutapika hakutoi chakula chote, ila hutoa potasiamu, na moyo ukianza kuruka mapigo nenda casualty usiku huohuo. Ukishatapika, sukutua kwa maji na usipige mswaki kwa nusu saa, kwani asidi imelainisha meno na mswaki utayakwangua.