Testi za TCP zikae wapi: ndani ya sosi ama ripo (hifadhi ya kodi) ya kando?

Msomaji wa Rongai anauliza: "Mkuu, nimerekebisha hitilafu kwa TCP (ile sehemu inapeleka data kwa mtandao na kuituma tena ikipotea) ya FreeBSD, mfumo endeshi kama Linux, na nimeandika testi za packetdrill, programu ya kupima TCP kwa pakiti. Niziweke ndani ya sosi ya mfumo ama nifungue ripo yangu kando, ndio watu wa Linux pia wazitumie?"

Weka ndani bana. FreeBSD iko na mahali pake kabisa, tests/sys/netinet, na za pf (firewall yake) ziko tests/sys/netpfil/pf, zote unaziendesha na Kyua, programu ya kuendesha testi. Ukiweka huko rekebisho na testi zinaingia pamoja, na mtu akipeleka hilo rekebisho kwa toleo la zamani testi inalifuata. Ukiweka kando, kesho kutwa hakuna mtu anajua testi gani ni ya toleo gani, ikifeli mnabaki kubishana kama keneli (kiini cha mfumo) ndio imeharibika ama testi ndio imezeeka.

Hiyo ya kushea na Linux naielewa, lakini packetdrill inapima mpaka muda: unaandika pakiti inayoingia, unaandika ile unatarajia itoke, na itoke baada ya muda gani. Sasa chukua muda wa chini wa kungoja kabla TCP itume tena, Linux ni milisekunde 200, FreeBSD ni 30, na RFC 6298 ya 2011, waraka wa kanuni za huo muda, yenyewe inapendekeza sekunde 1 nzima! Testi yako itapita huku ifeli kule na hakuna mwenye amekosea. Hata Linux wenyewe, 2024 walianza kuziingiza za packetdrill ndani ya keneli, angalia tools/testing/selftests/net/packetdrill.

Chenye kinabaki nje ni packetdrill yenyewe. Leseni yake ni GPLv2 (inalazimisha anayesambaza programu atoe sosi) na FreeBSD hawataki hiyo kwa mfumo wa msingi, so unaitoa kwa ports, mkusanyiko wa programu za ziada. Kwa testi andika require.progs ndio isipokuwepo Kyua iruke tu, isihesabu kama imefeli.

Na testi isiguse intaneti. packetdrill inatosheka na tun (kadi ya mtandao ya kuigiza) hapo hapo kwa mashine, na kama unahitaji mashine mbili zikiongea, weka jela mbili za VNET (sehemu zilizotengwa, kila moja na mtandao wake) na epair (kebo ya kuigiza) katikati, hata wifi ya ploti ikipotea kazi inaendelea. Kwa VM (kompyuta ya kuigiza) nzito ongeza --tolerance_usecs (tofauti ya muda packetdrill inavumilia) kidogo, la sivyo utalaumu TCP bure.

Ikipita peleka reviews.freebsd.org, rekebisho na testi kwa pachi moja.