Re: Chumba Tanga mjini, umeme na maji humo humo kwenye kodi

Dada, umeuliza chumba Tanga mjini ambacho kodi inabeba umeme na maji, vipo, anzia Ngamiani kwenye zile nyumba za barabara za namba, ukikosa shuka Makorora. Ila kabla hujatoa hela ya miezi sita ingia uani uione mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, kama ni moja nyumba nzima uliza kabisa friji na pasi vinaruhusiwa, maana ile bei ya chini ya umeme mwisho uniti 75 kwa mwezi, mkizidisha inapanda na hapo ndo ugomvi unaanza. Mi mwenye nyumba alishawahi kunichomolea jiko la umeme wali bado haujaiva, niliumia sana aisee. Bomba lifungue mwenyewe jioni uone kama maji yanatoka. Halafu yote yaandikwe kwenye mkataba, dalali akishapokea chake humuoni tena.